Kikapu Kimoja, Timu Mbili



Likizo ndefu iliyopita sisi mafrateri watatu tulipangiwa kusaidia katika kigango kidogo huko Kilambo, kusini mwa Mtwara mjini, mahali barabara inapoishia mtoni. Ukisimama ukingoni mwa Ruvuma unaiona Msumbiji ng'ambo. Wanaovuka kwa boti na mitumbwi wana ndugu pande zote mbili, maana Wamakonde hawakuulizwa wakati mpaka ulipochorwa. Wakatoliki hapo ni wachache, na majirani wengi ni Waislamu. Katekista alituambia siku ya kwanza kwamba watoto wakija uwanjani tusiulize nani ni wa dini gani. Agizo hilo tulilishika vizuri. Kosa letu lilikuwa kwingine, na ndilo tunalotaka kuwasimulia.

Tulikwenda na mipira miwili ya kikapu tuliyopewa na mfadhili mmoja. Fundi wa kuchomelea wa Mtwara mjini alitukunjia nondo ikawa duara, tukaifunga kwenye ubao, tukasimamisha nguzo pembeni mwa kanisa, palipokuwa na udongo mgumu. Kikapu kilikuwa kimoja tu. Siku ya tatu mpira mmoja ulichomwa na mwiba, ukabaki mmoja. Kwa hiyo hesabu ya kituo chetu cha michezo ilikuwa rahisi: kikapu kimoja, mpira mmoja, na saa moja na nusu kati ya kazi za mchana na giza.

Wavulana walikuja wengi. Tuliwafundisha kudunda mpira bila kuutazama, kupasi kwa mikono miwili, na kuruka kwa mguu mmoja kabla ya kufunga. Wasichana walipita na ndoo kichwani, wakasimama, wakatazama. Wengine walitua ndoo chini wakakaa juu ya mzizi wa mwembe. Tulipowaona tukasema jambo lililoonekana kwetu kuwa la haki kabisa: "Wavulana wakimaliza, nanyi mtacheza." Wavulana hawakumaliza hata siku moja. Jua lilizama kila jioni mpira ukiwa mikononi mwao, nasi tukafunga sala, tukaenda kula.

Mvulana mmoja aliwaambia wale wasichana kwamba wao wana mpira wao, mpira wa pete, waende wakaucheze shuleni. Tulicheka. Hatukumkemea.

Jumapili moja baada ya Ibada tuliamua kuwapa vijana hadithi ya kuwatia moyo, tukawasimulia habari za Hasheem Thabeet. Alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1987. Aliushika mpira wa kikapu akiwa na umri wa miaka 15 hivi, umri ambao wengi wanadhani umeshachelewa. Alikwenda Marekani kumalizia sekondari, kisha mwaka 2006 akajiunga na Chuo Kikuu cha Connecticut. Kimo chake ni mita 2 na sentimeta 21, na kazi yake uwanjani ilikuwa kuzuia: mpira wa mpinzani ukipanda, mkono wake ulikuwa umeshafika. Aliichezea timu ya wanaume ya chuo hicho misimu mitatu. Mwaka 2009 timu yake ilifika nusu fainali ya mashindano ya vyuo vya Marekani nzima. Juni mwaka huo huo alichaguliwa wa pili kati ya wachezaji wote walioingia kwenye ligi kubwa ya kulipwa ya NBA, akawa Mtanzania wa kwanza kuicheza.

Wavulana walifurahi mno. Mmoja alisimama akapimwa kimo kwenye nguzo ya mlango wa kanisa. Wakati kelele zikiendelea, msichana mmoja aliyekuwa ameketi nyuma na wenzake, hijabu yake ya shule bado kichwani, akanyosha mkono.

"Frateri, shikamoo."

"Marahaba."

"Hicho chuo cha Hasheem, wasichana hakikuwa nao?"

"Kilikuwa nao."

"Nao walikuwa wanacheza?"

Tulitazamana. "Walikuwa wanacheza."

"Nao walifika wapi?"

Hatukuwa na jibu. Tulikuwa tumesimulia habari za chuo kizima, na kumbe tulikijua chuo hicho nusu. Tulimwambia kwamba tutamletea jibu Jumapili ijayo. Alisema "haya," akainuka, akabeba ndoo yake.

Wiki ile mmoja wetu alikuwa na safari ya Mtwara mjini kwa shughuli za parokia, tukamtuma atafute jibu mahali penye mtandao mzuri. Alirudi na daftari. Tuliposoma alichoandika, kila mmoja alinyamaza kwa muda.

Timu ya wanawake ya Chuo Kikuu cha Connecticut, katika mwaka ule ule wa 2009, ilicheza michezo 39 ikashinda yote 39. Hakuna mchezo hata mmoja ulioisha kwa tofauti ya chini ya pointi 10. Siku tatu baada ya timu ya Hasheem kufungwa na Michigan State 82 kwa 73 kwenye nusu fainali mjini Detroit, wasichana wa chuo hicho hicho waliwafunga Louisville 76 kwa 54 katika fainali mjini St. Louis, wakatwaa ubingwa. Swali lilikuwa "walifika wapi," na jibu lilikuwa kwamba walifika mbali kuliko wavulana tuliowasifu. Sisi tulikuwa tumesimama mbele ya watoto na kuwapa habari ya walioishia nusu fainali, tukawaacha mabingwa nje ya hadithi.

Tuliendelea kusoma, na kadiri tulivyosoma tulielewa kwamba haikuwa bahati ya mwaka mmoja. Chuo kile kiko kijijini, mahali paitwapo Storrs. Kilianza mwaka 1881 kama shule ya kilimo, kwenye ardhi iliyotolewa na ndugu wawili wa ukoo wa Storrs. Mtu wa Mtwara anayekijua kituo cha utafiti wa kilimo cha Naliendele anaweza kupata picha: mashamba na wataalamu wa mazao, mbali na jiji kubwa. Mwaka 1985 kocha Geno Auriemma, aliyezaliwa Italia na kuhamia Marekani akiwa mtoto wa miaka 7, alikabidhiwa timu ya wanawake ambayo katika historia yake yote ilikuwa imepata msimu mmoja tu wa kushinda zaidi ya kushindwa. Mwaka uliofuata, 1986, Jim Calhoun alikabidhiwa timu ya wanaume. Ndiye aliyekuja kumfundisha Hasheem.

Ubingwa wa taifa wa kwanza kuingia katika nyumba ile uliletwa na wanawake, mwaka 1995, bila kupoteza mchezo. Wanaume waliupata wa kwanza mwaka 1999. Mwaka 2004 wanaume walitwaa ubingwa tarehe 5 Aprili, na kesho yake, tarehe 6, wanawake nao wakautwaa. Ilikuwa mara ya kwanza katika daraja la juu la vyuo vya Marekani chuo kimoja kushika vikombe vyote viwili katika mwaka mmoja. Mwaka 2014 wakarudia, tena kwa siku mbili zinazofuatana. Mwaka huo wanawake waliwafunga Notre Dame kwenye fainali, chuo chetu Wakatoliki chenye jina la Mama Yetu, ambacho nacho kilikuwa hakijafungwa. Mama atatusamehe kwa kutaja. Hadi mwaka 2025 wanawake walikuwa na vikombe 12 na wanaume 6.

Mtu atauliza: je, wanawake walipopewa nguvu, wanaume walipungukiwa? Hesabu hizo zinajibu. Wanaume wa chuo kile hawakuwa na ubingwa hata mmoja kabla ya dada zao kuwaonyesha njia, na vikombe vyao vyote 6 wamevipata wakiishi na timu kubwa ya wanawake nyumba moja. Tunasema nyumba moja kwa maana halisi: uwanja wa ndani uliofunguliwa chuoni hapo mwaka 1990 unatumiwa na timu zote mbili, na jengo la mazoezi lililofunguliwa mwaka 2014 lilijengwa kwa ajili ya zote mbili, kila timu na eneo lake.

Haya hayakutokea kwa hisani ya watu wema peke yake. Mwaka 1972 Marekani ilipitisha sheria inayokataza ubaguzi wa jinsia katika elimu inayopokea fedha za serikali kuu, na michezo ya vyuo ikaingia humo. Kabla ya hapo msichana aliyependa kucheza chuoni mara nyingi alikuwa anajinunulia sare. Baada ya hapo alianza kupewa ufadhili wa masomo. Kwa miaka mingi kanuni za daraja la juu ziliruhusu timu ya wanaume ya kikapu kufadhili wachezaji 13 na ya wanawake 15. Kwa lugha ya nyumbani, hao ni wasichana 15 wanaosoma chuo kikuu bila mzazi kuuza korosho.

Tulikuta pia mambo yanayotuhusu sisi watu wa Kanisa. Mchezo huu ulibuniwa Desemba 1891 mjini Springfield, Massachusetts, na James Naismith, Mprotestanti aliyekuwa amesoma teolojia kabla ya kuwa mwalimu wa mazoezi ya mwili. Alitundika vikapu vya matunda na kuandika kanuni 13. Mwaka uliofuata mwalimu Senda Berenson aliwafundisha wasichana wa chuo cha Smith, jirani na hapo. Kwa hiyo wanawake hawakuja wageni katika mchezo huu; waliingia ukiwa bado mchanga kabisa. Lakini watu waliogopa kwamba kukimbia uwanja mzima kutawachosha, wakaugawa uwanja wao vipande na kuwakataza kuvuka mistari. Huko Uingereza mabadiliko ya namna hiyo ndiyo yaliyozaa mpira wa pete. Hatuudharau mpira wa pete, dada zetu wanaucheza vizuri na unataka akili. Ila yule mvulana aliyesema "nyinyi mna mpira wenu" alikuwa anarudia, bila kujua, mstari uliochorwa na watu wazima zaidi ya miaka 100 iliyopita.

Na hili ndilo lililotugusa zaidi. Mwaka ule wa 1972, mashindano ya kwanza ya kitaifa ya vyuo kwa wanawake chini ya chama chao yalichukuliwa na Immaculata, wakati huo chuo kidogo cha wasichana huko Pennsylvania kilichokuwa kinaendeshwa na masista Watumishi wa Moyo Safi wa Maria. Hakikuwa na fedha za kuwasafirisha wachezaji wote kwenda mashindanoni. Walishinda mwaka huo, wakashinda 1973, wakashinda 1974. Masista wao walikuwa wanakaa jukwaani wakishangilia kwa kupiga ndoo. Ndoo, wapendwa. Tulisoma hapo tukakumbuka zile zilizokuwa zimetuliwa chini ya mwembe.

Tulijiuliza kwa nini hatukuwa tumeona. Sisi tunaishi katika nyumba ya wanaume watupu. Tunaamka na wanaume, tunasali na wanaume, tunacheza na wanaume, na baada ya miaka kadhaa jicho linazoea. Ukisema "vijana," sura zinazokuja kichwani ni za wavulana. Mtu anaweza kupata alama nzuri katika somo la maadili na bado akapanga ratiba ya kigango kana kwamba nusu ya kundi haipo. Hatukuwachukia wale wasichana. Tuliwaweka mwisho tu, tukaliita hilo utaratibu. Nasi ndio tutakaokabidhiwa parokia, tupange nani apate ufadhili wa shule, nani atumwe semina, ukumbi utumike na nani saa ngapi.

Jumapili iliyofuata tulitimiza ahadi. Tulisimama mbele ya watoto tukasema kwamba wiki iliyopita tuliwapa nusu ya habari, tukawapa nusu iliyobaki. Tulisimulia pia habari za Maya Moore, mmoja wa nyota wa timu ile ya 2009. Katika miaka minne ya chuo timu yake ilishinda michezo 150 ikafungwa 4. Mwaka 2019, akiwa bado na nguvu zake zote, aliacha kucheza ili kumsaidia mfungwa aitwaye Jonathan Irons, aliyekuwa amehukumiwa miaka 50 kwa kosa lililotendeka akiwa na miaka 16. Hukumu ilifutwa, na Julai 2020 Irons akatoka gerezani. Watoto walisikiliza hadithi hiyo kwa utulivu kuliko ile ya kwanza. Mzee mmoja wa kigango alisema polepole, "Huyo amecheza kweli."

Yule msichana hakupiga makofi. Aliuliza, "Sasa leo tunacheza saa ngapi?"

Hapo ndipo kazi ilipoanza, maana habari njema za Connecticut hazijazi ndoo maji ya Kilambo. Tuligawa muda katikati: siku moja wasichana waanze, siku ya pili wavulana waanze, na filimbi ikilia mpira unabadili mikono hata kama mtu yuko hewani. Wavulana walinuna. Wawili walisusa kwa siku nne. Mama mmoja alikuja kutuuliza kwa heshima, lakini kwa uso mkavu, "Frateri, binti yangu akicheza, maji atachota nani?" Lilikuwa swali la haki kuliko ratiba yetu. Wasichana hawakuwa wamekosa hamu wala kikapu tu. Walikuwa wamekosa ile saa moja, kwa sababu kaka zao walikuwa nayo.

Tulikaa na katekista na wazazi chini ya mwembe. Hatimaye wavulana wakubwa walipewa zamu ya kuchota maji siku ambazo dada zao wanaanza. Siku ya kwanza kijiji kizima kilitoka kuwatazama wakiwa na ndoo mabegani, maana kichwani ziliwashinda. Vicheko vilikuwa vingi, na maji mengi yalimwagika njiani. Baadhi waliacha baada ya wiki mbili, hatutaki kuwadanganya. Watano waliendelea, akiwemo yule aliyepimwa kimo kwenye mlango wa kanisa.

Suala la mavazi nalo lilijitokeza. Baba mmoja alitaka kujua kama binti yake atalazimika kuvua hijabu. Tulimweleza kwamba Shirikisho la Kimataifa la Mpira wa Kikapu lilibadili kanuni mwaka 2017, na mchezaji anaruhusiwa kufunika kichwa hata katika mashindano makubwa. Alifikiri kidogo, akasema, "Basi acheze." Tangu siku hiyo alikuwa anakuja mwenyewe kutazama, akitoa maelekezo kwa sauti kuliko sisi.

Wasichana wale hawakuwa mabingwa wa chochote. Wengi wao walikuwa bado wanaukumbatia mpira kama mtoto badala ya kuudunda. Lakini walikuwa wanauliza mambo ambayo wavulana hawakuuliza: chuo kikuu mtu anaingiaje, mwenye kucheza anasoma nini, kuna chuo karibu. Tuliwaambia kwamba Mtwara mjini kipo Chuo Kikuu Kishiriki cha Stella Maris, cha familia ya Mtakatifu Augustino, kilichoanzishwa mwaka ule ule wa 2009 tuliokuwa tunaurudia kila mara. Walishangaa kwamba kipo karibu hivyo. Baadhi yao walikuwa wamepita karibu nacho wakienda sokoni.

Siku ya kuondoka ilipofika palizuka swali dogo: mpira abaki nao nani? Nahodha wa wavulana alikuwa ameshanyosha mkono. Tulikuwa tumejifunza jambo moja katika likizo ile, kwamba anayetunza mpira ndiye mwenye ratiba. Tulimkabidhi yule msichana aliyeuliza walifika wapi. Aliupokea kwa mikono miwili, akaufunga kwenye khanga pamoja na pampu, akaenda nao nyumbani.

Mwezi uliopita katekista alitupigia simu. Alisema nondo imepinda kwa sababu vijana wanaining'inia, na kwamba mpira umeanza kupoteza upepo. Tukamuuliza kama wasichana bado wanacheza. Alisema siku hizo walikuwa wachache, maana msimu wa korosho umeanza na familia nyingi ziko mashambani, lakini Jumatano zao hazijachukuliwa na mtu. Yule binti akienda shambani anauacha mpira kwa mdogo wake wa kike, na anamwachia na masharti.

Tunatafuta mpira mwingine, wapendwa, na fundi wa kunyosha nondo. Mwenye nacho asituletee kimoja. Alete viwili.

Tuombeane.